Tapeli wa Ubalozini

Katika kazi hii nimeitwa majina mengi, na mengine nilistahili. Nimeitwa roho mbaya. Nimeitwa kibaraka. Bwana mmoja aliyepotelewa na mizigo aliniita kabati, kwa sababu, alisema, nasimama tu huku nimejaa makaratasi. Lakini siku ile ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza mama wa watu kuniita mwizi kabla sijamaliza hata kueleza nimepigia nini.

"Shikamoo mama. Nakupigia kutoka ubalozini."

"Marahaba. Ubalozi wa nini?"

"Ubalozi wetu, mama, wa huku aliko binti yako."

"Ahaa," akasema, na sauti yake ikawa tamu kama ya mtu anayemwita kuku wa kuchinja. "Kapata matatizo, siyo?"

"Ndiyo, mama. Kagongwa na gari leo asubuhi."

"Na sasa yuko hospitali."

"Ndiyo."

"Na kuongea na simu hawezi."

"Hawezi, mama. Amepoteza fahamu."

"Na wewe hapo una namba nzuri ya kutumiwa hela."

Nikamwambia sina namba yoyote na sitaki hela. Akacheka. "Wote mnaanza hivyohivyo. Mwizi mkubwa wewe. Nenda kalime." Akakata simu.

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, kando ya mashine ya kuuza maji ya chupa, na pasipoti ya binti yake mkononi. Kwenye ukurasa ule wa mwisho, pa kuandika mtu wa kujulishwa wakati wa dharura, wasafiri wengi hawaandiki kitu, nami huwalaani kimoyomoyo kila mara. Huyu alikuwa amejaza kwa herufi kubwa: MAMA, kisha namba. Jina hakuandika, utadhani duniani yuko mama mmoja tu. Sehemu ya kazi iliandikwa fundi cherehani. Mwenye nyumba ya wageni alikofikia aliniambia amekuja kununua mashine ya kudarizi, na kwamba hapo kwake wageni wote walikuwa wakimwita Fundi. Asubuhi alitoka kwenda kuiona hiyo mashine. Magari ya nchi ile hupita upande usio wetu. Akatazama kulia, kama tulivyofundishwa sote, na gari likaja kutoka kushoto.

Daktari wa usingizi ndiye aliyenipigia simu ofisini. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makavu, asiyepoteza neno.

"Wengu limepasuka," aliniambia mara tu nilipofika. "Damu inavujia tumboni. Tunamwongezea nyingine, lakini ni kujaza ndoo iliyotoboka. Lazima afunguliwe. Sahihi ya mtu sihitaji, sheria inaniruhusu. Nimekuita kwa jambo moja tu."

Akanieleza. Watu wa gari la wagonjwa walimkuta Fundi ana fahamu zake. Alikuwa mtulivu, akawaacha wamguse tumbo, wamchome sindano. Walipotaka kumvalisha barakoa ya hewa usoni ndipo alipoishika kwa mikono yote miwili na kuisukuma. Walipojaribu tena akaisukuma tena, huku akirudia maneno yaleyale kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua ndani ya gari lile. Akarudia mpaka akazimia.

"Watu huikataa barakoa kwa woga," daktari akasema. "Lakini wale vijana wanasema huyu hakuwa na woga. Alikuwa anawaonya. Kuna watu wachache sana ambao gesi yetu ya usingizi ni sumu kwao, na jambo hilo hurithiwa. Njia nyingine ya kumlaza ipo, ila lazima nibadilishe mashine nzima, na kwa mtu aliyepoteza damu kiasi hiki ina hatari zake. Siwezi kuichagua kwa kubahatisha. Waulize kwao: amewahi kulazwa kwa gesi? Yuko yeyote katika ukoo aliyepata shida? Nakusubiri mpaka chupa hii ya damu iishe. Ikiisha, naingia."

Watu hufikiri ubalozi ni mkono mrefu wa serikali unaoweza kupenya kila ukuta. Nataka niwaondolee ndoto hiyo. Hatumtoi mtu jela, hatulipi bili, hatusaini kwa niaba ya mgonjwa. Tunajulisha ndugu, basi. Tunapiga simu. Na hiyo simu moja niliyokuwa nayo ya kupiga ndiyo niliyokuwa nimekatiwa usoni.

Nikapiga tena. Nilitumia sauti yangu ya ofisini, ile ya pole pole.

"Mama, naomba unisikilize. Sitaki hela. Nataka kujua kitu kimoja kuhusu afya ya binti yako, madaktari wanasubiri."

"Sikiliza na wewe," akasema. "Juzijuzi hapa nilipigiwa simu hivihivi. Dada mmoja, sauti laini kama yako, shikamoo nyingi kama zako. Mwanangu kakamatwa uwanja wa ndege, nitume haraka la sivyo analala ndani. Nikalia, nikakopa, nikatuma. Unajua mwanangu alikuwa wapi? Nyuma yangu, anashona. Wakati huo hajapanda ndege wala hajaiona. Ananiuliza, mama unalia nini?"

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sasa ningemlaumu vipi? Nikamwomba namba ya mtu mwingine yeyote wa nyumbani mwenye simu ya kuonyesha picha, kwa sababu yake nilisikia kabisa ni ile ya vibonyezo, inayokwaruza.

"Nikupe namba ya mtoto mwingine ili ukamwibie naye?"

Nilikuwa nimekwisha piga simu wizarani, waende watu kwa miguu yao mpaka mlangoni kwa yule mama. Wakaniambia wanaandaa gari. Nawajua wale, kuandaa gari kwao ni kazi ya siku nzima. Kwenye kile chumba cha dharura, kupitia kioo, niliiona chupa ya damu imeshuka nusu.

Mara nikasikia simu inabadilishwa mikono huko nyumbani, na sauti ya mwanamume, nzito, ya heshima.

"Haloo, mheshimiwa. Mimi ni mjomba wake. Msamehe dada yangu, ana presha. Uliza, nikusaidie."

Nilitaka kumbusu mtu yule kupitia waya. Nikamuuliza kama mpwa wake amewahi kupewa dawa ya usingizi.

"Mara tatu, mheshimiwa. Ana watoto watatu, wote walitolewa kwa kupasuliwa. Anapewa ile hewa, analala, anaamka anaomba chai."

"Na katika ukoo, hakuna aliyewahi kupata shida nayo?"

"Ukoo wetu? Sisi hata ukitupa dawa ya panya tunaongeza chumvi."

Nyuma yake nikasikia watu wanacheka. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Mtu mwenye mgonjwa kitandani hatanii hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka kutukanwa, na anayekwenda kisimani na kiu haulizi maji yametoka wapi. Nikacheka naye kidogo, nikamshukuru, nikamgongea daktari kioo na kumpa majibu yote. Amelazwa mara tatu, hakuna shida. Daktari akashusha pumzi. "Vizuri," akasema. "Basi alikuwa na woga tu." Akatangulia chumba cha upasuaji kuandaa mambo yake.

Nikakaa kwenye benchi. Nilijiona nimefanya kazi yangu, na hata nilianza kutunga kichwani taarifa ya kumwandikia bosi. Muuguzi akaja na mfuko wa plastiki wenye nguo na viatu vya Fundi nivisainie. Nikavisaini, nikasema kwa huruma tu, kujaza kimya, "Maskini, na ana watoto watatu nyumbani, wote wa kupasuliwa."

Muuguzi akanitazama. "Nani?"

"Huyu wetu."

"Huyu nimemsafisha tumbo mimi mwenyewe sasa hivi," akasema. "Halina kovu. Halina hata mkwaruzo."

Nikaielewa ile sauti nzito ya heshima, na kile kicheko kilichokuwa nyuma yake. Mjomba alikuwa akimchezea tapeli. Walikuwa wamekaa pale sebuleni, wamezunguka ile simu, wanafurahia mwizi anavyopotezwa muda, kama ambavyo na mimi ningefurahia. Na yale majibu ya mchezo nilikuwa nimeyapeleka mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa mtu aliyeshika gesi.

Nikakimbia. Kitanda cha Fundi kilikuwa mbele ya lifti, wahudumu wawili wamekishika, taa inaonyesha lifti inashuka. Nikapiga simu huku nikikimbia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"We mtoto huchoki?" Yule mama mwenyewe.

Ile sauti ya ofisini sikuwa nayo tena. "Mama, nitukane baadaye. Nitakupa namba yangu unitukane kila siku asubuhi na jioni. Kaka yako kanidanganya. Kasema binti yako ana watoto watatu wa kupasuliwa. Nimetazama, hana kovu tumboni. Sasa kati yangu na yeye, nani tapeli?"

Huko nyuma kicheko kikakatika.

Lifti ikafunguka. Wahudumu wakakisukuma kitanda ndani. Nikaingiza mguu mlangoni usifunge, maana nilijua ukifunga tu mawasiliano yanakufa. Mhudumu mmoja akaniambia nitoke. Nikaukaza mguu palepale.

"Haya," mama akasema polepole. "Kama kweli uko naye. Lile kovu lake la kipaji cha uso liko upande gani?"

Nikamtazama Fundi. Uso wake ulikuwa umevimba, midomo imekauka, na juu ya jicho la kulia palikuwa na plasta pana. Neno "kulia" lilikuwa limeshafika ulimini. Mlango wa lifti ulikuwa ukinigonga mguu, unafunga, unafunguka, unafunga. Mhudumu alikuwa ameanza kupaza sauti. Nikalimeza lile neno.

"Chini ya hiyo plasta kuna nini?" nikamuuliza mhudumu.

"Kidonda, dada. Kimeshonwa leo. Ondoa mguu."

"Kovu la zamani?"

"Kovu gani? Ondoa mguu."

Nikatazama upande wa kushoto. Nikausogeza utepe wa nywele kwa kidole, nikatazama mpaka zinapoanzia nywele zenyewe.

"Mama," nikasema, "hana kovu. Ana kidonda kipya juu ya jicho la kulia, cha leo. Kovu la zamani halipo. Nimetafuta. Mama, unanitega."

Nikadhani amekata. Kisha nikamsikia anavuta pumzi, na akaitoa kwa vipande.

"Hana," akasema. "Mwanangu hana kovu usoni." Halafu akasema, na hakuwa anauliza, "Uko naye."

"Niko naye, mama. Nimemshika mkono. Wanampeleka kumlaza sasa hivi kwa ile hewa ya barakoa. Alikuwa anaikataa. Kwa nini?"

"Wasimvutishe," akasema. "Wasimvutishe hiyo hewa. Mdogo wake waliniulia hivyohivyo. Aliingia kutolewa kidole tumbo, anatembea kwa miguu yake. Wakamvalisha hiyo barakoa, mwili ukawaka moto, ukakakamaa kama ubao, na hapohapo ikawa basi. Daktari akaniita, akaniambia, mama, na wewe na wanao wote, popote mtakapokwenda, msikubali hiyo hewa. Mwanangu anajua. Mwambie daktari. Kimbia, mwanangu, kimbia."

Nikaondoa mguu. Lifti ikapanda na Fundi wake, mimi nikashika ngazi. Ni mtu mzima mimi, nina mwili wangu, na viatu vya ofisini si vya mbio. Kimoja kilibaki kwenye ngazi, na nilipofika juu nilikuwa nimekishika cha pili mkononi. Mlango wa chumba cha upasuaji una kengele, niliambiwa baadaye. Mimi niliugonga kwa kiatu.

Daktari wa usingizi alitoka amevaa kofia na glavu, macho yamewaka hasira. Nikamwambia kwa pumzi zilizobaki. Hakuniuliza nimejuaje, hakuniuliza yale majibu ya kwanza yalitoka wapi. Aliniuliza mambo mawili tu: mwili wa yule kijana ulipanda joto? Ulikakamaa? Nikasema ndiyo na ndiyo. Akageuka, na kabla mlango haujafunga nikamsikia anawaamuru watu wake watoe ile mashine yote nje na kuleta nyingine.

Nikakaa chini pale pale sakafuni. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kwa mtu nisiye na undugu naye. Sikuwa hata nimewahi kuisikia sauti yake. Nilichokijua ni kwamba alikuwa ameiandika namba moja tu kwenye pasipoti yake, na kwamba alijitahidi kujiokoa kwa lugha yetu mbele ya watu wasioielewa, na mtu pekee katika jengo lile aliyeielewa alikuwa amekwenda kuwaambia madaktari kwamba huyu hana shida. Nilijilaani kwa matusi ambayo hata yule mama hakuyafikia.

Saa za kungoja hospitalini hazina adabu. Jua lilihama dirishani, wafagiaji wakapita, mtu mmoja akanirudishia kiatu changu kutoka kwenye ngazi na kunitazama kwa huruma. Simu yangu iliita mara kadhaa. Wizarani, kunijulisha kwamba gari limepatikana ila dereva hajarudi. Yule mama hakupiga, kupiga nje ya nchi kwa simu ile asingeweza, lakini nilijua amekaa nayo mapajani.

Mwishowe daktari wa upasuaji akatoka, akaivua kofia. Wengu limetolewa. Damu imekata. Joto la mwili halikupanda. Ameanza kuvuta pumzi mwenyewe, na mpira uliokuwa kooni ukimsaidia kupumua unaondolewa sasa hivi, ingawa bado ana usingizi. "Ana bahati," akasema, akaenda zake.

Nikampigia mama. Furaha ilikuwa imenijaa mpaka machoni, na mwenye furaha hapimi maneno.

"Mama," nikasema, "binti yako anaendelea vizuri."

Nikasikia simu inaanguka, halafu sauti yake ikiwa mbali, ikianza chini na kupanda, na sauti nyingine za kike zikaidaka. Nyumba nzima ikalia.

Nilisimama na simu sikioni, sielewi. Kisha nikaelewa. Kwetu mtu akifa hatusemi amekufa, si kwa simu, si kwa ndugu aliye mbali. Tunasema amezidiwa kidogo. Tunasema anaendelea vizuri, ila njoo. Mimi mwenyewe, nikiwa bwenini shuleni, nilipigiwa nikaambiwa baba anaendelea vizuri, ila nibebe nguo za kutosha. Nikafunga sanduku nikiimba. Nikaimba njia nzima, nikawanunulia wadogo zangu biskuti, nikamkuta baba ameshafunikwa. Tangu siku ile nimeyachukia maneno yale, na bado, nilipotaka kumpa mama wa watu habari njema kuliko zote, ndiyo yaliyonitoka.

Mtu akaiokota simu. Alikuwa mjomba, bila utani.

"Mheshimiwa. Sisi ni watu wazima. Sema tu. Mwili unaletwa lini?"

"Hakuna mwili, mjomba. Yuko hai. Kafanyiwa upasuaji, katoka salama."

"Ndiyo, ndiyo. Tunaelewa. Lazima mseme hivyo kwanza."

"Mjomba, nakuapia. Yuko hai."

"Asante, mama. Nyinyi mmesomea, mnajua namna ya kusema. Mungu akubariki." Sauti ikamkatika. "Mimi ndiye niliyekupa yale majibu. Nilikuwa nacheza. Alikufa kwa hayo?"

Nikasema hapana, hapana, hakufa kwa hayo, yaani hakufa kabisa. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kumzika. Nyuma yake nikasikia watu wanaingia, viatu vinavuliwa mlangoni, majirani wanapokelewa na kilio. Kuna mtu alikuwa akiuliza mikeka iko wapi.

Halafu mama akaichukua simu. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea chini, kama anayetaka wengine wasisikie.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Nimekutukana sana leo. Nisamehe."

"Yameisha, mama."

"Nakuomba kitu kimoja, usininyime. Sema wewe ni tapeli."

Nikaishika simu kwa mikono miwili.

"Sema tu. Sema umenidanganya tangu mwanzo, ulinibahatishia lile la kovu. Nitakutumia. Taja hela yoyote. Nitauza cherehani, nitauza kitanda hiki, nitatuma sasa hivi na sitakwenda polisi. Sema mwanangu yuko dukani huko anachagua mashine yake. Nitakushukuru, walahi nitakushukuru."

Nililia. Miaka yote kwenye kazi hii nimejizuia mbele ya watu, siku ile nililia kwenye korido na pua inanichuruzika. Ningeweza kumwambia mara mia kwamba yuko hai, na kila mara angesikia kinyume. Maneno yote mazuri tuliyonayo tulishayatumia kwenye misiba.

"Mama," nikasema, "usikate simu. Hata nikinyamaza, usikate."

Nikaingia chumba cha wagonjwa mahututi na simu mkononi. Yule muuguzi aliyemsafisha Fundi tumbo ndiye aliyekuwa zamu. Akanionyesha kibao ukutani, simu imechorwa na kukatwa kwa mstari mwekundu. Nikamwambia, "Mama yake anamwombolezea. Hivi ninavyoongea na wewe wanatandika mikeka." Akanitazama, akaitazama simu, ambayo kilio kilikuwa kikitoka ndani yake chembamba. Akavuta pazia kuzunguka kitanda, akatupa mgongo na kuanza kupanga vifaa ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Mpira ulikuwa umeshatolewa kooni. Fundi alikuwa amelala na mdomo wazi kidogo, anapumua mwenyewe, kwa kukoroma. Nikamwita kwa jina lake la pasipoti. Hakujibu. Nikamwita Fundi. Kope zikacheza. Nikamlowesha midomo kwa pamba, nikamwita tena, nikamwambia kwa lugha yetu kwamba hawakumvutisha ile hewa, kwamba walimsikia. Akafungua macho na kunitazama, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni.

Kwenye simu kilio kilikuwa kimepamba moto. Kuna mama mmoja mwenye sauti kubwa aliyekuwa akiziita sifa za marehemu, uhodari wake wa kukata nguo bila kupima. Nikaiweka simu sikioni kwa Fundi na kuishikilia.

Alisikiliza. Akakunja uso, kwa namna ya mtu aliyeamshwa na kelele za jirani. Alijaribu kusema, koo likagoma. Akameza mate, akajaribu tena, na sauti ikatoka nyembamba, ya kukwaruza.

"Mama," akasema. "Mbona watu wanalia? Nani kafa?"

Kilio kiliendelea kidogo. Nilisikia yule mwenye sauti kubwa bado anasifu. Kisha nikamsikia mama, si kwenye simu bali amegeuka, anawaambia watu wake.

"Hebu nyamazeni," akasema. "Nyamazeni kwanza. Mwanangu ananiuliza kitu."